Barua ya wazi kwa Waziri wa Sanaa wa Australia: asilimia tano ya Bibi Emily

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Sanaa,
Kwa waheshimiwa wabunge na maseneta mlioko Canberra,
Kwa wakurugenzi na wajumbe wa bodi za majumba ya sanaa ya umma,

Salamu kwenu nyote.

Naandika kutoka Melbourne, na naandika kwa Kiswahili. Ofisi zenu hututafsiria sisi wasemaji wa lugha hii vipeperushi vya afya na vya uchaguzi, kwa hiyo najua watafsiri mnao na barua hii mtaielewa. Watakaoisoma pamoja nanyi ni Waswahili wenzangu, wa hapa na wa nyumbani, na wengi wao hawajapata kulisikia jina la Emily Kame Kngwarreye. Mtaniwia radhi basi nikianza kwa kumweleza yeye, mchoraji wa jamii za wenyeji wa asili wa Australia, kabla sijafika kwenye sheria ya asilimia tano anayopewa msanii kazi yake inapouzwa tena.

Bibi Emily alikuwa wa kabila la Anmatyerre, aliyezaliwa yapata mwaka 1910 katika nchi ya Alhalkere, pembezoni mwa eneo liitwalo Utopia, kiasi cha kilomita 250 kaskazini mashariki mwa Alice Springs, mji wa katikati ya Australia. Alikulia katika miaka ambayo wafugaji wa Kizungu walikuwa wakijigawia ardhi ile na kunywesha ng'ombe wao kwenye maji ya watu. Alipokua alifanya kazi kwenye mashamba hayohayo ya mifugo, na kuna wakati alichunga na kuongoza ngamia. Jina la Kame ni la mbegu na ua la kiazi kimoja cha porini, mmea wa jamii moja na kunde na choroko zetu, isipokuwa huu huficha viazi vyembamba chini ya mchanga na juu ukaacha nyufa tu za kumwonyesha mchimbaji mahali pa kuchimba.

Katika nchi yake alikuwa mkubwa wa wanawake kwenye ngoma za awelye. Wanawake hukaa chini wakaimba, hupakana mafuta kifuani na mabegani, kisha huchorana mistari kwa udongo wa rangi, mmoja akimchora mwenzake, na kila mchoro una nchi yake na wenye haki ya kuuchora. Mkono wa Bibi Emily ulijifunza mstari hapo, miaka hamsini na zaidi, mbele ya watu waliojua mara moja kama mstari umepotoka. Ndiyo maana nakereka kila nionapo maelezo ukutani yakisema kwamba bibi wa jangwani aliibuka tu na kuanza kuchora akikaribia miaka themanini. Alichoanza uzeeni ni kuchora kwenye kanvasi. Ninyi wakurugenzi mnaijua tofauti hiyo kuliko mimi, na nawaomba vibandiko vyenu viiseme waziwazi.

Baina ya ngoma na kanvasi kulikuwa na batiki. Mwaka 1977 wanawake wa Utopia walianza kufundishwa kazi hiyo, na mwaka uliofuata wakaunda kikundi chao. Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa hana haja ya kuelezwa batiki ni nini: nta ya moto, kitambaa, beseni la rangi, kisha maji yanayochemka ili nta itoke. Wao waliifanya nje, kwa moto wa kuni, na upepo wa jangwa ukiwatilia mchanga kwenye nta. Bibi Emily aliishika kazi hiyo kwa takriban miaka kumi. Mwaka 1979 shauri la madai ya ardhi ya Utopia liliposikilizwa, wanawake walitoa sehemu ya ushahidi wao kwa kucheza awelye. Ardhi ikarudi kwa wenyewe. Kwa hiyo mistari ile ilishawahi kupokewa na serikali ya Australia kuwa ushahidi wa umiliki, na jambo hilo nawaombeni mlikumbuke mtakapofika chini ya barua hii.

Kanvasi zilifika Utopia kiangazi cha mwaka 1988 kuingia 1989, zikagawiwa kwa wasanii wa vijiji vile. Mchoro wa kwanza wa Bibi Emily, uliopewa jina la Mwanamke Emu (emu ni ndege mkubwa wa huku anayefanana na mbuni), ndio uliowafanya watu wa Sydney wageuke. Miaka minane baadaye alikuwa amekufa, na katika miaka hiyo minane anakadiriwa kuchora kazi kama 3,000. Hiyo ni karibu kazi moja kila siku, kwa mtu wa umri ambao kwetu angekuwa anasogezewa mkeka kivulini. Mkeka wenyewe alikuwa nao, kwa maana alichora akiwa ameketi chini, kanvasi imelala mchangani, akiizunguka upande hadi upande. Alianza kwa nukta zilizofunika mizizi ya viazi, nukta zikaongezeka mpaka mizizi ikapotea, halafu akazikandika kwa brashi iliyofumuka nywele mpaka zikawa kama mawingu ya maua. Yapata mwaka 1994 akageukia mistari mitupu, ileile ya kifuani. Wiki chache kabla ya kifo chake, Septemba 1996, alichukua brashi pana ya kupakia rangi ya chini na kuchora vipande vya rangi bila mstari wala nukta.

Hapa Melbourne, kwenye Jumba la Taifa la Sanaa la Victoria, kuna mchoro wake mkubwa wa kiazi wa mwaka 1995. Una upana wa mita nane na urefu wa karibu mita tatu, mistari myeupe juu ya weusi. Kuingia kuona mkusanyo wa kudumu ni bure, nami nawapeleka huko wageni wangu wote wanaotoka Afrika Mashariki. Ukisogea karibu, kadiri askari wa zamu anavyokuruhusu, unaona mstari ukianza mnene na ute wa rangi, ukakonda, ukawa mkwaruzo, halafu ukanenepa ghafla pale alipochovya tena. Mstari unapinda, unajirudia, unapita juu ya mwenzake bila kusita. Sijaona mahali alipofuta. Mtu aliyezoea kusuka mkeka wa ukili, au kumpaka bibi harusi hina, ataelewa haraka kuliko msomi: huo ni mkono unaojua mwisho wa mstari kabla ya kuuanza.

Sifa zilikuja. Mwaka 1992 serikali ya Australia ilimpa tuzo yake kubwa ya kuwawezesha wasanii. Mwaka 1997, baada ya kifo chake, kazi zake ziliiwakilisha nchi yenu kwenye maonyesho makuu ya sanaa ya Venice, Italia, pamoja na za Judy Watson na Yvonne Koolmatrie. Mwaka 2008 zilijaza kumbi za Osaka na Tokyo. Mwaka 2015 Okwui Enwezor, Mnaijeria, Mwafrika wa kwanza kukabidhiwa usimamizi wa maonyesho makuu ya Venice, alichagua mchoro wake uitwao Kuumbwa kwa Dunia. Canberra ilimfanyia maonyesho makubwa kuanzia mwisho wa mwaka 2023, na mwaka 2025 London ikafuata.

Nataka nibaki na mchoro huo mmoja, Kuumbwa kwa Dunia, kwa sababu ndio unaonifanya niandike.

Aliuchora mwaka 1994. Ni paneli nne zilizounganishwa, upana zaidi ya mita sita, kijani na manjano na buluu za nchi kame iliyopata mvua. Mwezi Mei 2007 uliuzwa kwa mnada Sydney kwa dola 1,056,000 za Australia, na ikawa mara ya kwanza kazi ya msanii wa jamii za wenyeji wa Australia kuvuka dola milioni moja mnadani. Jamaa za Bibi Emily kule Utopia hawakuwa na haki ya kudai senti katika mauzo hayo, kwa kuwa sheria haikuwepo. Mwaka huohuo Baraza la Seneti lilitoa ripoti yake ndefu kuhusu soko la sanaa za wenyeji wa asili, madalali wasio waaminifu wakiwa humo. Mlijua.

Ndipo mkatunga sheria, na nawashukuru kwa hilo bila kinyongo. Sheria ya mwaka 2009 ya mrabaha wa mauzo ya marudio ilianza kutumika tarehe 9 Juni 2010. Inasema kwamba kazi ya sanaa ikiuzwa tena kupitia dalali, jumba la mnada au duka la sanaa kwa dola 1,000 au zaidi, asilimia tano ya bei aipate msanii. Akiwa amefariki, warithi wake waendelee kuipata kwa miaka 70. Kwa Bibi Emily maana yake ni mpaka mwisho wa mwaka 2066. Zaidi ya nusu ya wasanii waliokwisha kulipwa chini ya sheria hiyo ni wa jamii za wenyeji wa asili. Ni sheria nzuri, na nchi nyingi za Afrika zingefaidika kuiiga.

Lakini mliweka tundu ndani yake. Kazi iliyokuwepo kabla ya tarehe 9 Juni 2010 hailipiwi kitu inapobadilisha mmiliki kwa mara ya kwanza baada ya tarehe hiyo. Mrabaha unaanza mauzo yanayofuata.

Tazameni tundu hilo lilivyoumeza mchoro wetu. Aliyeununua mwaka 2007 alikaa nao miaka kumi. Novemba 2017 ukauzwa tena, safari hii kwa dola milioni 2.1. Asilimia tano ya fedha hizo ni dola 105,000. Na kwa kuwa yale yalikuwa mauzo ya kwanza tangu sheria ianze, sheria haikudai hata dola moja kwa ajili ya warithi. Mchoro uleule umepigiwa nyundo ya mnada mara mbili, ukavunja rekodi mara mbili, na mara zote mbili watu wa Alhalkere wameachwa nje: kwanza kwa sababu sheria haikuwepo, halafu kwa sababu ilikuwepo.

Mtasema ni bahati mbaya ya mchoro mmoja. Hesabuni wenyewe. Bibi Emily aliacha kuchora mwaka 1996, kwa hiyo kila kazi yake, bila kubakisha, inaguswa na kifungu hicho. Kazi bora za msanii mkubwa huwa na safari fupi: kutoka nyumbani kwa mnunuzi wa kwanza, tajiri au dalali wa miaka ya tisini, hadi kwenye jumba la umma lisilouza tena. Mauzo ni hayo mamoja tu, na ndiyo mliyoyasamehe. Mrabaha wa mauzo ya pili hautafika kamwe, kwa maana mauzo ya pili hayatakuwepo. Msamaha wenu umewaangukia hasa wale waliokuwa wazee wakati sanaa ya jangwani ilipokuwa inanunuliwa kwa bei ya chini. Vijana wanaochora leo wamekingwa. Waliowafungulia njia hawakukingwa.

Naijua sababu mliyoitoa. Katiba yenu inakataza serikali kutwaa mali ya mtu bila fidia ya haki, na aliyenunua mchoro mwaka 1995 hakujua kwamba siku moja bei yake itamegwa. Ni hoja ya heshima, siidharau. Lakini Uingereza, mama wa sheria zenu, ilipoanzisha haki hii mwaka 2006 haikumsamehe aliyenunua zamani, na kuanzia 2012 ikaongeza warithi wa wasanii waliofariki. Ufaransa inayo tangu mwaka 1920. Minada ya London na Paris haijafungwa. Na yule mnunuzi wa mwaka 1995 anayeonewa huruma bado anabaki na asilimia 95 ya bei ambayo hakuitolea jasho. Ikiwa wanasheria wenu wanahofia Mahakama Kuu, basi serikali yenyewe na ibebe asilimia hizo tano kwa mauzo yaliyosamehewa. Katiba haikatazi serikali kutoa.

Wafanyabiashara nao wataleta hoja ya usumbufu wa makaratasi. Makaratasi yapo tayari. Sheria yenu inamtaka muuzaji aripoti kila mauzo ya marudio ya dola 1,000 na kuendelea, hata yale yasiyolipiwa mrabaha. Jina la kazi, tarehe, bei, vyote vimeandikwa kwa zaidi ya miaka kumi. Kazi ya karani imeshakwisha, kilichobaki ni kulipa.

Liko swali jingine ambalo nimelisikia likisemwa kwa sauti ya chini: kwani alipwe nani, Bibi Emily hakuacha mtoto wa kumzaa? Swali hilo linaudhi, na nitalijibu kwa heshima. Alilea. Mmoja wa aliowalea ni Barbara Weir, mtoto wa mama wa Kienyeji na baba wa Kizungu, ambaye jamaa zake walikuwa wakimficha walipopita maofisa wa serikali waliokuwa wakiwachukua watoto chotara. Siku moja hawakuwahi kumficha. Alichukuliwa akiwa na umri wa kama miaka tisa, akapelekwa mbali, na alirejea Utopia akiwa mtu mzima aliyesahau lugha ya kwao. Bibi Emily alimpokea. Barbara naye akawa mchoraji mwenye jina, akafariki mwaka 2023. Serikali iliyomnyang'anya mlezi mtoto haina uso wa kuuliza warithi wako wapi. Kwa watu wa Utopia, kama ilivyo kwetu, mtoto wa dada ni mtoto wako, na mama mdogo ni mama. Sheria yenu tayari inakubali mrabaha upokewe hata na taasisi ya jamii. Njia ipo.

Na fedha hizi zina kazi. Mwaka 2000 wachoraji wa kabila la Pintupi, jangwani upande wa magharibi, walichanga picha zikauzwa kwa mnada Sydney, wakapata zaidi ya dola milioni moja. Walizitumia kuanzisha huduma ya kusafisha damu kwa wagonjwa wa figo huko Kintore, ili wazee wao wasiende kufia Alice Springs kwa upweke. Serikali ilikuwa haijafanya hivyo, rangi na kanvasi zikafanya. Mnapofikiria dola 105,000, fikirieni mashine, kiti, na mzee anayetibiwa karibu na watu wake.

Mtaniuliza haya yananihusu nini mimi mgeni. Mimi ni raia na mlipa kodi wa nchi hii, na natoka Tanzania, nchi ya Edward Saidi Tingatinga. Alianza kuchora mwishoni mwa miaka ya sitini, kwa rangi za mafuta juu ya vibao, akawa anauza Oysterbay karibu na duka la Morogoro Stores, kwa shilingi ambazo hazikumtoa kwenye umaskini. Aliuawa kwa risasi ya polisi mwaka 1972. Leo jina lake ni jina la mtindo mzima wa uchoraji, na vibao vyake vinatafutwa na wakusanyaji wa Ulaya na Japani. Kwetu hakuna aliyepata nafasi ya kuliweka sawa jambo hilo mapema. Ninyi mnayo nafasi. Daftari mnalo, sheria mnayo, wasanii mnawajua kwa majina na vijiji vyao.

Ninachokiomba kwa Waziri na Bunge ni muswada mfupi wa marekebisho wa kukifuta kifungu cha msamaha wa mauzo ya kwanza, na mfuko wa kulipa mrabaha wa mauzo yaliyokwisha kusamehewa tangu 9 Juni 2010, kuanzia na wasanii waliofariki. Mwaka 2023 serikali ilitangaza katika sera yake mpya ya utamaduni kwamba itatunga sheria maalumu ya kulinda maarifa na utamaduni wa jamii za wenyeji wa asili. Marekebisho haya yanaweza kuingia bungeni pamoja nayo.

Kwenu wakurugenzi naomba jambo ambalo halihitaji Bunge. Kila mnaponunua kazi ya zamani kutoka sokoni, iwe ya Bibi Emily au ya mwingine wa kizazi chake, lipeni asilimia tano kwa warithi hata kama sheria imewasamehe. Andikeni hivyo katika kanuni zenu za ununuzi, na kwenye ripoti ya mwaka mwonyeshe kiasi. Fedha mnazonunulia ni za umma, na umma, mimi nikiwemo, hautalalamika. Jumba moja likianza, mengine yataona haya kubaki nyuma.

Muda wa haki ya Bibi Emily unakwisha tarehe 31 Desemba 2066. Tangu sheria ianze hadi tarehe hiyo ni miaka 56 na ushei, na zaidi ya robo imeshapita. Kazi zake zinapanda bei sasa, baada ya Canberra na London, na wenye nazo wanaziandaa kwa mnada sasa. Naomba majibu ya barua hii kwa maandishi, kwa lugha yoyote mtakayoona inafaa, na naomba nakala yake ipelekwe Utopia, kwenye kituo cha sanaa cha Arlparra, kabla haijaletwa kwangu.

Wenu katika kuijenga nchi,
Mkazi wa Melbourne, mzaliwa wa Tanzania